Shangazi, nimpeleke mwanangu Lushoto akapone pumu?

Asalaam aleykum shangazi, shikamoo. Mi ni mama wa mtoto mmoja wa kiume, ana miaka 4 na miezi, na saivi nina mimba ya miezi 5. Niko hapa hapa Tanga, Makorora, nyumba ya kupanga, zile za vyumba sita ukumbi katikati, uani tunatumia wote. Naomba usinitaje jina maana huku kwetu kila mtu anakusoma.

Shangazi mwanangu ana pumu. Ilianza akiwa na mwaka na nusu hivi, kila akipata mafua kifua kinabana, usiku kinapiga filimbi, namlaza begani mpaka adhana ya alfajiri. Tumezunguka sana, mara nimonia, mara minyoo, mara jicho la watu, mwaka jana ndo daktari akasema hii ni pumu akaandika pampu mbili, ya bluu na ya kahawia. Ya bluu nampa akibanwa. Ya kahawia nilimpa wiki mbili nikaona yuko poa nikaacha, na watu wananiambia hizo pampu zinamzoesha mtoto, akishazoea ndo basi maisha yake yote.

Sasa kinachoninyima usingizi ni hiki. Juzi kliniki ya wajawazito nesi alikua anatoa somo, akasema mtoto akikutana na moshi tangu tumboni na ile miaka yake ya mwanzo anaweza kuja kupata pumu. Yaani nilikaa pale kwenye benchi nikaona ananisema mimi peke yangu. Shangazi mimba ya huyu nimeilea nyuma ya karai. Nilikua nakaanga samaki na mihogo kibandani karibu na stendi, kibanda cha mabati kimezibwa pande tatu, natumia kuni na vifuu vya nazi, moto ukigoma unachomeka kipande cha plastiki, macho yanatoka machozi kutwa nzima. Nimejifungua, arobaini imeisha nikarudi nae, namfunga mgongoni na khanga, akilala namweka kwenye beseni chini ya meza. Mpaka anafika miaka miwili maisha yake yalikua pale. Ningefanyaje, baba yake ndo alikua anaanza bodaboda na hesabu ya tajiri inatakiwa kila jioni.

Kibanda nimeshaacha, saivi napika vitumbua tu asubuhi hapa nyumbani, uani, mvua ikinyesha naingiza jiko ukumbini. Nyumbani hakuna moshi wa ajabu, ni vitu vya kawaida tu, koili ya mbu usiku, bibi yangu anakuja magharibi kumfukiza ubani kwa ajili ya jicho, na baba yake anavuta mbili tatu kabla ya kulala lakini anavutia dirishani. Pikipiki inalala ukumbini kwa sababu ya wezi. Kwahiyo mi naona kinachommaliza saivi ni mji wenyewe, vumbi, malori, na jirani anayechoma taka kila jioni.

Mama mkwe yuko Lushoto, anasema mlete mtoto huku milimani kuna hewa safi, atapona. Mume wangu kashakubali, wanataka aende mwezi ujao kabla sijajifungua, akae hata miaka miwili. Roho yangu inakataa ila najiambia labda ndo adhabu yangu. Niambie ukweli shangazi, mimi ndo nimemsababishia? Nimpeleke? Na huyu wa tumboni nifanyeje asije akawa hivo hivo?

Mama Vitumbua, Makorora

*

Waaleykum salaam mwanangu, marahaba. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya kwanza nilisoma kama mama, ya pili nikasoma kama nesi, maana unajua mimi hiyo kazi nimeifanya miaka mingi kabla ya kustaafu, na hiyo mara ya pili nilishika kalamu nikawa napiga mistari chini ya ile sehemu uliyosema "vitu vya kawaida tu". Tutaifikia, usiwe na haraka.

Kwanza la kosa. Huyo nesi wa kliniki hajakosea. Mapafu ya mtoto hayazaliwi yamekamilika, vile vifuko vidogo vya hewa vingi vyake vinaota akishazaliwa, hasa miaka miwili mitatu ya mwanzo, na mapafu yanaendelea kukua mpaka ukubwani. Halafu kichanga anapumua mbio, mara 30 mpaka 60 kwa dakika, wakati wewe umekaa umetulia unapumua 12 mpaka 20, kwahiyo mkiwa kibanda kimoja yeye kwa mwili wake mdogo anakunywa moshi mwingi kuliko wewe. Na mirija yake ni myembamba, ikivimba kidogo tu imeziba. Chembe zenyewe zinazosumbua huzioni, zile za mikromita 2.5 kushuka chini, unywele wako mmoja ni mnene karibu mara 30 ya hapo, ndo maana zinapita puani na kooni bila kukamatwa zinakwenda kulala ndani kabisa. Hata tumboni zinafika. Mwaka 2019 watafiti wa Ubelgiji walizikuta chembe za masizi kwenye kondo la nyuma, upande ule wa mtoto.

Na kuna utafiti wa Marekani uliotoka 2024, watoto zaidi ya 5,000, waliangalia hewa ya mitaa waliyoishi ile miaka 3 ya mwanzo, moshi wa magari na zile chembe ndogo, kisha wakaangalia nani kapata pumu utotoni. Waliokulia kwenye hewa chafu zaidi ndo waliopata zaidi, wengine kabla hata ya miaka 5. Huo ndo ukweli na wewe umeniomba ukweli.

Lakini ukweli huo huo una nusu yake ya pili. Hakuna daktari duniani anayeweza kumshika mtoto mmoja akasema pumu ya huyu imetoka kwenye karai la mama yake. Pumu inakuja kwa njia nyingi zinazokutana, kuna damu ya ukoo, kuna virusi vya mafua vinavyompata akiwa mdogo sana, kuna kuzaliwa kabla ya wakati, kuna sigara, kuna kuvu ukutani, na kuna moshi. Wamama wangapi wamekaanga samaki pale stendi na watoto wao leo wanacheza mpira? Na wangapi wanaishi nyumba zenye kiyoyozi na watoto wao wanatembea na pampu kwenye begi la shule? Moshi unaongeza uwezekano, ndio, ila wewe hukuwa na mahali pengine pa kukaa na mtoto wala pesa nyingine ya kula. Hakuna aliyekuambia pia. Hilo la kutoambiwa linaniuma kweli, nakupa mfano.

Kule London kulikuwa na mtoto anaitwa Ella Adoo-Kissi-Debrah, alikua anaishi karibu na barabara kubwa yenye magari usiku na mchana, akafariki kwa pumu Februari 2013, ana miaka 9. Mama yake Rosamund alihangaika miaka mpaka Desemba 2020 afisa anayechunguza vifo akatamka kwamba hewa chafu ilichangia kumuua, mara ya kwanza kwa Uingereza kuandikwa hivyo. Na akasema jambo jingine, kwamba mama hakupewa taarifa kuhusu hewa chafu na pumu, angepewa angechukua hatua. Huyo ni London na mahospitali yao yote. Sasa wewe wa kibanda cha mabati unajihukumu kwa kitu ulichokisikia juzi kwenye benchi la kliniki? Hiyo habari ya adhabu iondoe kichwani kwako leo.

Tuje Lushoto. Mwanangu, mimi Usambara naipenda, nimefanya kazi kule, ukipanda zile kona kutoka Mombo unahisi kifua kinafunguka. Nje. Lakini mtoto wa miaka 4 jioni hakai nje, anakaa na bibi yake jikoni kwa sababu kule kuna baridi na jikoni ndo kuna joto, mlango umefungwa, mafiga matatu katikati, kuni mbichi za mvua, dari lote jeusi ti. Kwa kukupa picha, Shirika la Afya Duniani mwaka 2021 lilisema hizo chembe ndogo zisizidi mikrogramu 5 kwa mita moja ya ujazo kwa wastani wa mwaka. Kwenye jiko la kuni lililofungwa zinafika mamia, moto ukikolea zinaingia maelfu. Utakua umemtoa kwenye vumbi la Makorora umempeleka kwenye kibanda chako cha zamani, kina mandhari nzuri tu. Sisemi kila nyumba ya kule iko hivyo, kwahiyo muulize mama mkwe kwa adabu swali moja, "mama, siku hizi mnapikia wapi?" Jibu utakalopata litakuonyesha njia.

Na hata angekua anapikia gesi mi nisingempeleka. Usiku pumu ikipanda mtoto wa miaka 4 anamtaka anayejua kifua chake kinavyolia, na huyo ni wewe, na mtoto anayeondolewa nyumbani mwezi ambao mdogo wake anakaribia kuja hataona kwamba amepelekwa kutibiwa, ataona amefukuzwa. Likizo aende, wiki mbili, na pampu zake zote mbili kwenye mkoba.

Sasa ile sehemu yenye mistari. Wewe unaogopa malori ya barabarani na una haki, lakini hebu nihesabie usiku mmoja wa nyumba yako. Magharibi chetezo kinapita na ubani, hapo hapo jirani anachoma taka, saa tatu inawashwa koili, mlango unafungwa, baba anavuta dirishani (na upepo huo huo unaurudisha moshi ndani, we mwenyewe unajua), alfajiri pikipiki inapigwa kiki ukumbini ipate moto kabla ya kutoka, na kama mvua ipo jiko la vitumbua liko hapo hapo ukumbini. Mtoto amelala katikati ya yote hayo. Mji mzima wa Tanga ukihamishiwa Zanzibar usiku huo, yeye hewa yake haibadiliki.

Koili ndo nianze nayo kwa sababu watu wanaidharau. Mwaka 2003 watafiti walipima koili za kule Asia wakakuta moja ikiungua yote inatoa zile chembe ndogo sawa na sigara 75 mpaka 137. Moja! Na wewe unaiwasha chini ya kitanda chumba kimefungwa. Chandarua ulichopewa kliniki kiko wapi? Kama kimefunika vifaranga vya jirani kifuate, kichomekwe chini ya godoro, koili itupwe.

Bibi yako usigombane nae. Mwambie daktari kasema moshi wowote, hata wa ubani, kifua cha mtoto hakiutaki, amsomee dua na ampulizie kwa mdomo wake kama zamani, na akitaka kufukiza chumba afukize mtoto akiwa nje anacheza, madirisha wazi, arudi kukiwa kumetulia. Mabibi wanaelewa ukiwapa kazi nyingine ya kufanya, wasichotaka ni kuambiwa yao hayana maana.

Pikipiki ilale ukumbini sawa, wezi wa Makorora nawajua, ila isiwashwe ndani hata dakika moja. Isukumwe mpaka barabarani ndo ipigwe kiki. Ule moshi wa bomba la pikipiki ni ndugu wa ule wa magari uliopimwa kule Marekani, sasa wewe umeulaza nae mlango kwa mlango.

Jiko la vitumbua lisiingie ukumbini tena, hata la mkaa, tena hasa la mkaa, kwa sababu mkaa ukishakua mwekundu hauna moshi wa kuonekana watu wanadhani uko salama kumbe unatoa hewa ya sumu isiyo na harufu, inaua watu wamelala. Wapangaji mchangishane bati tatu nne na milingoti, mfanye kibanda uani kilicho wazi pande zote, mkiangalia upepo unapotokea, maana kusi ikivuma moshi unaelekea huku na kaskazi unaelekea kule, msikae mnavuta kwa uvivu wa kuhamisha jiko hatua tano. Plastiki ya kuwashia moto acha kabisa, tumia makumbi makavu. Gesi ya mtungi wa kilo 6 ukiweza anza nayo hata kwa chai na uji wa mtoto tu, vitumbua vikiendelea na mkaa huko nje. Serikali ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia Mei 2024, unasema ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi. Jambo zuri, ila mimba yako ina miezi 5, haiwezi kungoja 2034. Jirani wa taka mwoneni na mwenyekiti wa mtaa, sina zaidi hapo.

Pampu. Hapa nataka unisikilize vizuri kwa sababu hapa ndo watoto wanapotea. Pampu haizoeshi. Ya bluu inafungua mirija iliyojibana, inaanza kazi ndani ya dakika chache na inadumu masaa kadhaa tu. Ya kahawia inatuliza ule uvimbe wa ndani, na inafanya kazi taratibu, ndo maana mtoto akionekana mzima wakati anaitumia ni kwa sababu anaitumia. Wewe uliiacha pale ilipoanza kukufaa. Rudi kwa daktari umweleze ulivyofanya, usione aibu, aamue tena kipimo na muda. Na mwombe nesi akuonyeshe kutumia pampu na chupa yake (ile inayochomekwa kwenye pampu, dawa inatulia humo mtoto aivute taratibu), maana mtoto wa miaka 4 ukimpulizia mdomoni moja kwa moja dawa nyingi inaishia kwenye ulimi. Kama hakuna chupa ya kununua inatengenezwa ya maji ya nusu lita, unatoboa tundu kwenye kitako kwa waya wa moto, liwe saizi ya mdomo wa pampu ibane isivuje, mtoto anaweka midomo pale penye kizibo, unabonyeza mara moja, anavuta na kutoa pumzi kama mara tano sita, ndo unabonyeza nyingine. Ioshe kwa maji ya sabuni kabla hujaanza kuitumia, usiifute na kitambaa, iache ikauke yenyewe, ukiifuta dawa inang'ang'ania kwenye plastiki. Ya kahawia akimaliza asukutue mdomo.

Ukiona ngozi ya chini ya mbavu inaingia ndani akivuta pumzi, au hawezi kumaliza sentensi, au midomo inabadilika rangi, au ya bluu umempa na baada ya muda mfupi amebanwa tena, hapo hakuna kusubiri kupambazuke, pikipiki hiyo hiyo iwashwe (nje!) mwende hospitali, huku unaendelea kumpa ya bluu njiani.

Na usimkatie tamaa. Wengi wanaobanwa kifua na mafua wakiwa wadogo hivi wanaacha wakifika umri wa shule. Na mapafu yanajua kushukuru, kule California kusini wamefuatilia watoto tangu miaka ya 1990, hewa ya Los Angeles ilivyosafishwa watoto waliofuata wakawa na mapafu yaliyokua vizuri kuliko waliowatangulia, na pumu mpya zikapungua.

Huyu wa tumboni sasa. Amekukuta umeshatoka kibandani, hiyo peke yake ni tofauti kubwa. Hayo yote niliyosema ya usiku wa nyumba yako yanamhusu yeye kuliko hata kaka yake, kwa sababu yeye hiyo miaka ya mwanzo bado hajaigusa. Ukirudi kwenye vitumbua baada ya arobaini asifungwe mgongoni wakati wa kukaanga, abaki ndani na bibi, ndo hiyo kazi nyingine ya bibi niliyokuambia. Mnyonyeshe. Na kliniki waambie una mtoto mwenye pumu, waandike kwenye kadi.

Kuna moja nimeiacha makusudi, sigara, kwa sababu hiyo haiko mikononi mwako. Kati ya vyote nilivyovitaja hakuna ambacho madaktari wana uhakika nacho kama hicho, kwa mimba na kwa mtoto wa pumu, na dirisha halisaidii, hata moshi ulioganda kwenye shati lake akija kumbeba mtoto hausaidii. Kwahiyo huyo baba aliyekubali haraka haraka mtoto aende Lushoto, mpe simu asome kuanzia hapa, kule juu anaweza kuruka.